Bangili za Dhahabu na Lugha za Kompyuta



Miezi michache iliyopita, baada ya darsa ya akina mama ya Alasiri, mama mmoja alibaki nyuma hadi wenziwe wote walipoondoka. Akafungua mkoba wake, akanionyesha bangili nne za dhahabu zilizofungwa katika kitambaa. "Maalim," akasema, "hizi niliachiwa na marehemu mama yangu. Nataka kuziuza, lakini nimeona kwanza nikuulize."

Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Chuo kimoja cha mjini kilikuwa kimemtaka shilingi 80,000 ili kimfundishe binti huyo lugha ya kompyuta iitwayo Java kwa miezi sita, kwani, walimwambia, hiyo ndiyo lugha yenye kazi. Mtoto wa dada yake aliyeko Doha akapiga simu kusema Java ni ya wazee, asomeshwe Python. Jirani naye akasema zote ni hasara, kwa kuwa akili bandia itaandika kila kitu yenyewe. "Sasa wewe Maalim watwambiaje? Lugha ipi?"

Nilinyamaza. Nimekaa miaka mbele ya walimu nikisoma nahau na sarfi, lakini lugha hizi hazikuwamo katika vitabu vyetu. Sikutaka kujibu nisilolijua. Nikamwomba juma moja, na bangili zirudi mkobani.

Nina mpwa wangu Mombasa ambaye hula kwa kazi hii ya kuandika programu. Nikamwendea na swali lile lile: lugha ipi ni bora? Akacheka kwa adabu, kisha akanirudishia swali. "Mjomba, ukienda Matondoni kwa mafundi wa majahazi, utawauliza ipi bora, tezo au keekee?" Nikamjibu kuwa ningetaka kujua kwanza kazi ni kuchonga ubao au kuutoboa. "Basi na hizi ni vivyo hivyo," akasema. Tukakaa hadi Isha, na niliyoyapata ndiyo haya ninayowaletea, kwa kuwa mama yule si peke yake.

Kompyuta yenyewe haifahamu ila namba, sifuri na moja. Lugha ya programu ni daraja baina ya mtu na namba hizo: mtu huandika maagizo kwa maneno yanayosomeka, na programu nyengine huyafasiri hadi mashine ikayafahamu. Daraja hili halikuwapo tangu mwanzo, na hapa ningependa akina mama wasikilize vizuri. Mashine ya ENIAC ilipoonyeshwa hadharani Marekani mwaka 1946, waliokuwa wakiipangia kazi zake walikuwa wanawake sita. Hapakuwa na lugha yoyote. Walichomeka nyaya na kugeuza swichi kwa mikono yao. Mwaka 1952 mwanamke mwengine, mwanahisabati Grace Hopper, akatunga kompaila ya mwanzo, yaani programu ya kukusanya na kufasiri maagizo. Aliambiwa kuwa kompyuta ni ya hesabu tu, haiwezi kufuata maneno. Fikra zake ndizo zilizochangia kuzaliwa kwa COBOL mwaka 1959, lugha ya biashara ambayo baadhi ya mabenki makubwa duniani yanaitegemea hata leo.

Kila mwaka tovuti ya Stack Overflow, ambako waandishi wa programu huulizana maswali, huwahoji watu wa fani hii kote duniani. Katika majibu ya mwaka 2022, wanawake walikuwa kiasi cha 5 tu katika kila 100. Kazi iliyoanzwa na mikono ya wanawake ikawa imewatoka mikononi. Nilipomwambia mama yule jambo hili, ndipo alipoacha kuuliza kama kazi hii inamfaa mtoto wa kike.

Katika uchunguzi wa 2024 walijibu watu zaidi ya 65,000, na lugha iliyotumiwa na wengi kupita zote ilikuwa JavaScript, kiasi cha watu 62 katika 100. Sababu yake si uzuri. Lugha hii iliandikwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa muda wa siku kumi, na haraka ile bado inaonekana ndani yake. Lakini ndiyo inayofahamiwa na vivinjari vyote vya intaneti, kwa hivyo anayetaka ukurasa wake uitikie mguso wa msomaji hana budi kupita kwake. Wala mtu asidanganywe na jina. JavaScript na Java zinahusiana kama papa na papai.

Python ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, na jina lake halikutokana na chatu bali na kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Maandishi yake ni machache na yanasomeka, nayo hutumika sana katika takwimu, utafiti na hiyo akili bandia ya jirani. Jambo moja lilinipendeza: katika lugha nyingi nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ni pambo tu, lakini katika Python nafasi hizo ni sehemu ya maana. Ukisogeza mstari usipostahili, maana hugeuka au programu hukataa kwenda. Sisi tuliofundishwa kuwa irabu moja hugeuza mtendaji kuwa mtendwa hatukuona ajabu.

Java nayo haijafa. Bado imo katika mifumo ya mabenki na mashirika makubwa, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa lugha ya programu za simu za Android, hadi Google ilipotangaza mwaka 2019 kuwa inaipa kipaumbele Kotlin, ambayo ni kama mdogo wake. Kwa hiyo chuo kile hakikusema uongo, wala kijana wa Doha hakukosea. Kila mmoja alisema juu ya kazi aliyoizoea.

Ipo pia Rust, ambayo nusura inichekeshe. Katika uchunguzi huo wa 2024, zaidi ya 80 katika 100 ya waliowahi kuitumia walitaka kuendelea nayo, na hakuna lugha iliyosifiwa kuishinda. Lakini walioitumia mwaka ule walikuwa kama 13 katika 100 ya watu wote. Apendwaye sana si lazima ndiye aolewaye.

Baada ya lugha zikafuata zana, na hapo niliona vita. Mwandishi wa programu huhitaji kihariri, yaani programu ya kuandikia maagizo yake. Vihariri viwili vya kale, vi na Emacs, vilitoka vyote mwaka 1976, na mpaka leo wafuasi wa kimoja huwakejeli wafuasi wa kingine. Wengine hubishana iwapo mstari usogezwe kwa kitufe cha kurukia au kwa nafasi za kawaida, na mpwa wangu ana msimamo mkali katika hilo. Nikamwambia hata sisi wa barazani hatugombani hivyo. Kisha nikakumbuka kuandama kwa mwezi, nikajirudi.

Kihariri kinachotumiwa na wengi sasa ni Visual Studio Code, kilichotolewa na Microsoft mwaka 2015. Hutolewa bure. Kompaila ya Java inapatikana bure. Python ni bure, wala haihitaji ruhusa ya mtu. Git, zana ya kuhifadhi kila hatua ya kazi ili mtu akikosea arudi alikotoka, iliandikwa na Linus Torvalds mwaka 2005, nayo pia haina bei. Nikamuuliza mpwa wangu mara mbili nihakikishe. Nilikuwa nikifikiria zile bangili nne katika kitambaa. Kumbe lugha yenyewe haiuzwi, wala vyombo vyake vya kuandikia. Kinachogharimu ni kompyuta, umeme, bando za intaneti, na mwalimu, kama ni mwalimu kweli.

Nilirudi kwa mama yule na jibu fupi. Asiuze kitu bado. Mpwa wangu alikuwa na laptopu kuukuu. Tuliiweka kwangu, na binti akawa anakuja jioni kukaa na mke wangu na mabinti zangu, akijifunza Python kwa masomo ya bure aliyoelekezwa. Hofu yake ya mwanzo ilikuwa Kiingereza. Python ina maneno rasmi 35 tu, na yeye aliyajua karibu yote tangu shule ya msingi. Ni kweli kuwa lugha hizi aghalabu zimejengwa juu ya Kiingereza, na si haki kwa wasiokisoma. Ramsey Nasser, mwandishi wa programu kutoka Lebanon, alitunga lugha inayoandikwa kwa Kiarabu kitupu, akaiita Qalb, yaani moyo. Ilifanya kazi, lakini zana nyengine zilivurugika zilipokutana na maandishi yaendayo kulia kwenda kushoto, na kuuonyesha upungufu huo lilikuwa mojawapo ya makusudio yake.

Baada ya wiki sita binti akaniambia ameshajua misingi lakini hajui aandike nini. Nikamwambia, "Mwanangu, niandikie mirathi." Mimi hufundisha faraidh, na watu hunijia na karatasi zao kila mwezi: kaacha mke, kaacha mama, kaacha watoto kadhaa. Hesabu ni ile ile na makosa ni yale yale.

Siku ya kwanza alikuja amefadhaika. Alikuwa ameiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, ikamjibu 0.30000000000000004. "Maalim, mashine haijui kujumlisha?" Mpwa wangu akatufafanulia kwa simu: ndani yake kompyuta huhesabu kwa mbili mbili, na kama vile sisi tusivyoweza kuimaliza thuluthi kwa desimali, nayo haiwezi kuimaliza sehemu ya kumi. Makosa hayo ni madogo mno, lakini mali ya yatima haigawanywi kwa makadirio. Akamwonyesha kuwa Python ina maktaba ya sehemu kamili, ambamo thuluthi hubaki thuluthi na thumni hubaki thumni. Wanazuoni wetu waliandika mirathi kwa sehemu tangu zamani, na binti akaona sababu yake kwa macho.

Kisha nikampa mas'ala. Mwanamke amefariki bila ya watoto wala wazazi, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na mali ya shilingi 700,000. Mume fungu lake nusu, dada wawili thuluthi mbili. Programu ikajibu bila kusita: mume 350,000, dada wawili pamoja 466,666.67. Binti akanikabidhi jibu kwa furaha. Nikamwambia, "Jumlisha." Akajumlisha, akanyamaza. Ilikuwa 816,666.67, mali ambayo marehemu hakuiacha.

Ndipo nikamfundisha 'aul, ambayo Maswahaba waliitatua zama za Sayyidna Umar, Allah amridhie. Mafungu yakizidi mali, kila mmoja hupunguziwa kwa kadiri ya fungu lake: msingi wa sita hupanda hadi saba, mume akapata tatu, dada wakapata nne. Mume 300,000, kila dada 200,000, wala shilingi haikosekani. Binti akarudi kwenye msimbo wake, akaongeza mistari kama kumi. Angeandika kwa Java au kwa Rust, kosa lingekuwa lile lile na dawa yake ile ile. Lugha haikumwambia, ilikuwa lazima ajue mirathi.

Na jirani je? Alipojaribu kuiomba akili bandia imwandikie programu hiyo, ilimpa msimbo msafi kwa dakika moja. Akaupa mas'ala ya mume na dada wawili. Ukamgawia 816,666.67. Alipoitajia 'aul ikaomba radhi na kurekebisha mara moja. Waandishi wengi wa programu sasa wanazitumia zana hizi, na sioni ubaya, lakini mtu asiyeijua 'aul angelichukua jibu lile hadi kwa kadhi.

Nikamsimulia binti kuwa Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, ndiye ambaye jina lake lilipofika Ulaya likawa algorithimu, neno linalotumiwa na waandishi wote wa programu kwa hatua za kutatua jambo. Kitabu chake cha al-jabr kina sehemu ndefu juu ya kugawanya wasia na mirathi. Akaniuliza kama naye alikosea mara ya kwanza.

Mama ameuza bangili moja, akamnunulia laptopu iliyotumika. Tatu zimo katika kitambaa chake. Chuo bado kinampigia simu, naye huwauliza swali nililompa: mwanafunzi wenu akimaliza, huonyesha kazi gani aliyoitengeneza mwenyewe? Bado hajajibiwa.

Binti sasa yuko katika munasakha, pale mrithi anapofariki kabla mali haijagawanywa, na mirathi ikaingia ndani ya mirathi. Alhamisi iliyopita aliniletea sura moja ya wafu watatu. Nilidhani nitamjibu papo hapo. Nikalazimika kuteremsha kitabu kabatini, na tulipoadhiniwa Magharibi bado tulikuwa hatujamaliza.