Picha za harusi: mpiga picha abebe hifadhi gani ya akiba?

Msimu wa harusi Bariadi unafuata mfuko wa mkulima. Pamba ikishauzwa, kadi za michango zinaanza kuzunguka, na mpiga picha mmoja wa Somanda anaweza kuwa na sendofu Ijumaa na harusi Jumamosi, kisha Jumapili akaitwa kijijini kupiga wageni wakila nyama. Kwa saa zote hizo kazi yake inakaa ndani ya memori kadi yenye urefu wa milimita 32 na upana wa milimita 24. Ikidondoka kwenye vumbi la uwanjani, ikiibwa na begi au ikigoma kusomeka, gauni linaweza kuvaliwa tena na keki ikaokwa nyingine. Lakini bibi mzaa mama aliyetolewa Itilima kuja kumbariki mjukuu, na pengine ndiyo safari yake ya mwisho, hapigwi picha mara ya pili.

Ndiyo maana msikilizaji anayefanya kazi hii, au anayemlipa anayeifanya, anatakiwa ajue picha zinanakiliwa wapi kabla watu hawajatoka ukumbini.

Tuanze na hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa faili ghafi, zile wapiga picha wanaziita RAW, za takriban megabaiti 25 hadi 30 kila moja. Picha 2,000 za siku nzima zinafika gigabaiti 50 hadi 60. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kila saa. Kwa hiyo flashi ya gigabaiti 32 aliyonayo kijana wa stesheni haitoshi hata kwa ibada na hotuba za wazazi. Kwa anayepiga picha na video, terabaiti 1 ndiyo pa kuanzia.

Madukani utakutana na eksteno za aina mbili. Ya kwanza ni diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikianguka kutoka mezani wakati inafanya kazi, kichwa kinagusa sahani na picha zinakwaruzwa. Ya pili ni SSD, isiyo na kitu kinachotembea ndani. Hii inastahimili bodaboda na mtoto aliyevuta waya chini ya meza ya MC. Ubaya wake ni bei: kwa pesa ya SSD ya terabaiti 1 mara nyingi unapata diski ya kuzunguka yenye nafasi karibu mara mbili.

Kwa maoni yangu SSD iende shambani na diski ya kuzunguka ibaki studio, juu ya rafu, haitembezwi. SSD iliyofungiwa kabatini miaka mingi bila kuwekewa umeme inaweza kuanza kupoteza data, kwa hiyo si ghala zuri la muda mrefu.

Kuhusu kasi, wauzaji wanasifia namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Mnyororo, hata hivyo, unakwenda kwa mwendo wa kiungo kilicho polepole zaidi. Kadi inayosoma megabaiti 90 kwa sekunde haitaharakishwa na SSD ya megabaiti 1,000. Kinachobadilisha mambo ni kadi rida: kupitia USB 2.0, kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa inachukua kama nusu saa; kupitia USB 3.0 inachukua kama dakika 12. Ukiwa na dakika chache wakati wageni wanakula, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utanakili au utaahirisha. Basi usinunue SSD ya gharama ukabaki na kadi rida ya zamani.

Asiye na laptopu hajakwama. Simu nyingi za Android zinaunganishwa na kadi rida na SSD kwa kutumia habu ndogo ya USB. Diski ya kuzunguka inadai umeme mwingi, na simu huweza kushindwa kuiendesha. SSD ndiyo inayofaa hapa, pamoja na pawabenki, maana umeme ukikatika usiku wa harusi hautakusubiri. Jaribu mpangilio wote nyumbani wiki moja kabla. Hakikisha eksteno imefomatiwa kwa exFAT, kwa sababu FAT32 inakataa faili moja linalofika gigabaiti 4, na video ndefu zinavuka hapo.

Jihadhari pia na bei ya kushangaza. Kuna flashi na SSD feki zinazojitangaza kuwa na terabaiti 2 huku ndani kuna gigabaiti chache. Zinapokea faili bila kulalamika, kisha picha hazifunguki. Programu ya bure ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, inaijaza eksteno na kuisoma tena ili kuonyesha ukubwa halisi. Fanya hivyo siku unayonunua, ukiwa bado na risiti.

Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Huku kwetu nakala ya mtandaoni ni ngumu: gigabaiti 60 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde zinahitaji karibu saa 27. Pandisha picha 100 bora usiku huohuo, na eksteno ya pili mpe msaidizi aondoke nayo. Begi moja lisibebe kamera, kadi na nakala zote. Weka pia nywila kwenye eksteno, kwa kuwa harusi ya watu si ya kuokotwa stendi.

Na ukinakili, chagua kunakili, usikate na kubandika. Linganisha idadi ya faili na ukubwa wake, fungua picha kadhaa za mwanzo, katikati na mwisho. Kadi zisifutwe mpaka nakala mbili zimekaguliwa, hata kama Jumapili kuna kazi nyingine. Kwa hiyo kadi za ziada ziingie kwenye bei unayompa mteja.