Mercedes ya 2018 au ya 2019: Mwaka Mmoja Una Uzito Gani?

Jamaa zetu wengi waliotoka Pwani wamejenga maisha Ruiru na Thika, na kutoka kwao hutufikia mara kwa mara maswali ya ununuzi. Moja laja kila msimu: katika yadi za Kamakis, kandokando ya barabara ya Eastern Bypass, zimesimama Mercedes-Benz mbili aina ya C200, zote nyeupe, zote zimetoka Japani. Moja ni ya mwaka 2018, ya pili ni ya 2019. Hii mpya yazidi bei kwa laki kadhaa. Je, mwaka mmoja wastahili fedha hizo?

Hatulichukulii swali hili kuwa la anasa tu. Gari la aina hii hununuliwa kwa akiba ya miaka, kwa fungu la mirathi, au kwa dhahabu ya mama iliyouzwa. Fedha ikishatoka ni vigumu kurudi, na nyumba nzima huhisi pengo lake: karo, kodi, dawa za wazee. Kwa hiyo twaomba msomaji atuvumilie tulichambue jambo hili kwa utulivu.

Jambo la kwanza ni kwamba mwaka ulioandikwa katika logbuku ni nusu ya habari. Umbo la C-Class lililoanza mwaka 2014 lilifanyiwa mabadiliko makubwa mwaka 2018. Gari lililobadilishwa lilionyeshwa Geneva mwezi Machi mwaka huo, na likaanza kuuzwa Japani katikati ya mwaka. Maana yake, gari la 2018 laweza kuwa la umbo la kale au la umbo jipya, na muuzaji asiye mwaminifu aweza kuuza la kale kwa bei ya jipya. Dalili iliyo wazi ni ukubwa wa injini. C200 ya kale ina injini ya sentimita za ujazo 1,991. Iliyobadilishwa ina 1,497. Nambari hiyo imo katika logbuku. Mama yeyote aweza kuisoma bila kufungua boneti wala kumwita fundi.

Wengi hushtuka wakisikia kwamba gari jipya lina injini ndogo. Lakini wahenga wa Pwani walituambia: usione vyaelea, vimeundwa. Injini zote mbili hutoa nguvu za farasi 184. Ile ndogo husaidiwa na mtambo wa umeme wa volti 48, ambao huwasha injini, huchaji betri, na huongeza msukumo mfupi gari linapoondoka. Kwa anayetambaa katika msongamano wa asubuhi kutoka Ruiru kuelekea Nairobi, akisimama na kuondoka mara mia, msaada huo una faida ya mafuta na ya utulivu.

Lakini kila chombo kina gharama yake. Katika gari la kale, stata na jenereta ni vifaa viwili vya kawaida ambavyo fundi wengi wavijua. Katika jipya, kazi hizo mbili zimeunganishwa katika kifaa kimoja, nacho chahitaji fundi aliyesomea umeme wa volti 48 na mwenye kompyuta ya kulipima gari. Thika si mji mgeni katika mambo ya magari. Kiwanda cha KVM, kilichoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, kimeunganisha magari hapo kwa miongo mingi, na tangu mwaka 2016 Volkswagen nazo zikaunganishwa humo. Mafundi hodari wapo. Hata hivyo, fundi hodari wa lori si lazima awe fundi wa Mercedes. Kabla ya kulipa hata shilingi, familia imtafute fundi atakayelihudumia gari, imuulize wazi kama amewahi kuufungua mtambo huo, na vipuri vyake huvipata wapi na kwa bei gani.

Jambo la pili ni ushuru, na hapa ndipo hesabu hufumbua macho. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, haitozi kwa bei uliyolipa Japani. Huanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha hupunguza kwa kadiri ya umri wake. Juu ya thamani hiyo huwekwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, kisha ushuru wa bidhaa, kisha VAT ya asilimia 16. Ushuru wa bidhaa ndio unaotofautiana: injini isiyozidi 1,500 hutozwa asilimia 20, na ile ya 1,991 hutozwa asilimia 25.

Tuseme thamani ya forodha ni shilingi 1,000,000. Forodha itachukua 350,000. Kwa injini ya 1,991, ushuru wa bidhaa utakuwa 337,500 na VAT 270,000; jumla 957,500. Kwa injini ya 1,497, ushuru wa bidhaa utakuwa 270,000 na VAT 259,200, jumla 879,200. Tofauti ni shilingi 78,300, kabla ya ada ndogo za tamko la uagizaji na za reli. Lakini gari jipya zaidi hupunguziwa thamani kidogo, kwa kuwa umri wake ni mdogo. Thamani yake ikizidi ya lile la kale kwa asilimia 10, ushuru wake wafika 967,120, na ile nafuu yote imeyeyuka. Basi muuzaji akikwambia kwamba injini ndogo imemwokolea ushuru, mwombe karatasi za malipo ya KRA uzisome mwenyewe.

Jambo la tatu ni sheria ya miaka minane. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haliruhusu kuingiza gari lililozidi umri huo tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Gari la 2018 liliweza kupita bandari ya Mombasa hadi mwisho wa 2025. Tangu Januari 2026 mlango wake umefungwa. Wauzaji hulitumia jambo hili kwa njia mbili. Mmoja husema, "Nunua upesi, hayaji tena." Hilo ni kweli, lakini kwa mnunuzi si hoja: gari kutokuja tena hakulifanyi kuwa zima. Mwingine hunyamaza asiseme kwamba utakapotaka kuliuza, gari la umbo la kale litashindana na mengi mapya zaidi yadini, na bei yake itateremka. Mwenye nia ya kukaa na gari miaka 8 hadhuriki sana na hilo. Mwenye nia ya kuliuza baada ya miaka 3 alizingatie.

Jambo la nne ni historia, nayo kwa maoni yetu ina uzito kuliko mwaka. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na mnada hutoa karatasi yenye daraja la gari, kilomita zake na michoro ya mikwaruzo. Alama ya R huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa. Iombe karatasi hiyo, ulinganishe nambari ya chesisi na iliyo kwenye gari, na kilomita na zilizo kwenye dashibodi. Kwa gari ambalo tayari limesajiliwa hapa nchini, fanya upekuzi wa rekodi za NTSA ujue mmiliki ni nani na kama kuna benki inayolidai. Kisha lipeleke katika barabara za murram za mitaa ya Ruiru, zenye matuta na mashimo, usikilize chini. Tazama pia buti: C-Class nyingi hazina tairi la akiba.

Wanaokusudia kukopa nao wana neno la kuzingatia. Benki za Kiislamu zilizopo nchini huuza gari kwa murabaha: benki hulinunua, kisha hukuuzia kwa bei na faida mliyokubaliana tangu mwanzo, ukalipa kwa awamu bila riba. Lakini benki huweka mipaka ya umri wa gari. Uliza kwanza, kwani gari la 2018 laweza kukataliwa au kupewa muda mfupi wa kulipa, na awamu zikawa nzito kuliko za lile la bei kubwa.

Tumeacha la mwisho, nalo twawaelekezea dada zetu. Mali ya mke ni yake. Mama akitoa nusu ya bei na logbuku ikaandikwa jina la mume peke yake, bila waraka wala shahidi, siku ya mirathi gari lote litahesabiwa kuwa la marehemu, na haki ya mama italazimika kutafutwa kwa ushahidi usiokuwapo. Kuandikiana hakuondoi mapenzi. Kunayalinda, na kunawalinda watoto pia.

Rai yetu basi ni hii. Familia yenye fundi wa kuaminika wa mtambo mpya, na ambayo baada ya kulipa itabaki na fedha za bima, matairi manne na huduma ya mwaka mmoja, na ichukue la 2019. Isiyo na fundi huyo, ikapata la 2018 lenye karatasi safi, isione haya kulichukua. Na ambayo itabaki na mfuko mtupu kwa gari lolote kati ya hayo mawili, na isubiri. Gari la heshima likilala uani kwa kukosa kipuri halimfikishi mzee hospitalini. Mwenyezi Mungu atujaalie cha halali chenye baraka.