Banda la uani: rahisi huvunja upishi

Ndugu msomaji, ua wa nyumba ya mjini, hata ukiwa mdogo namna gani, hauachi kudai banda. Mkaa wataka pa kukaa usilowe. Baiskeli, majembe na madumu yatakiwa yaondoke ukumbini. Basi mshahara ukifika, mwenye nyumba huenda kuulizia vifaa, naye aghalabu hurudi na vile vilivyo rahisi kuliko vyote. Baada ya masika moja au mbili hulazimika kununua tena. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ujenzi nao huvunjwa vivyo hivyo.

Kabla hujauliza bei, jiulize banda lako litashambuliwa na nani. Katika jiji kama Dar es Salaam maadui ni wanne: mchwa, maji, chumvi ya bahari na moto.

Nguzo

Mti uliochimbiwa ardhini bila kinga ni karamu ya mchwa. Boriti za mikoko huwastahimili zaidi, lakini mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo usinunue kwa mtu wa kichochoroni. Mirunda au mbao zilizotiwa dawa zafaa. Lililo bora zaidi ni kuisimamisha nguzo juu ya kitako cha zege kilichoinuka kutoka ardhini. Mchwa akitaka kupanda itambidi ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, nawe utaiona na kuibomoa mapema.

Paa

Makuti huleta ubaridi, lakini banda la makuti lisikaribiane na jiko. Ukichagua mabati, kumbuka kwamba namba ya geji huenda kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Kwa wakaao karibu na pwani tofauti hiyo si ndogo, maana upepo wa chumvi huila zinki iliyopakwa juu ya bati, kisha kutu huingia. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, wala si bondeni ambako maji hupita.

Kuta

Kabla hujalipia matofali ya saruji, chukua msumari ukwaruze moja. Mchanga ukimwagika kama unga, fahamu kwamba saruji ilionewa choyo. Muulize pia mfyatuaji kama aliyamwagilia maji kwa siku 7 hivi, kwani saruji iliyokaushwa haraka na jua haishiki vizuri. Mchanga wa ufukweni usiutumie: chumvi yake huozesha nondo.

Zawadi ya kukataa

Huenda jirani avunjaye nyumba ya zamani akakupa bure vipande vya mabati ya saruji, yale ya kijivu. Mengi ya zamani yalichanganywa na asbesto. Yakikatwa, yakitobolewa au yakivunjwa, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Mtu akizivuta huweza kupatwa na ugonjwa wa mapafu au saratani, na mara nyingi ugonjwa hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Mtoto anayecheza leo penye vumbi hilo aweza kulilipia akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Mshukuru jirani, lakini usiyapokee, nawe umsihi asiyavunjevunje.

Fedha zikipungua

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wao hununua matofali mazuri ya ukuta, kisha huweka nguzo mbovu na bati jembamba. Wewe fanya kinyume: punguzia kuta, usipunguzie miguu wala kichwa. Ukuta wa mabanzi au wa mabati makuukuu waweza kubadilishwa kipande kimoja kimoja, kila mwezi kwa kadiri ya mfuko. Lakini nguzo ikioza huangusha banda zima, na paa likivuja huharibu kila kilichohifadhiwa chini yake.

Basi, ndugu msomaji, utakapokwenda dukani chukua msumari mfukoni na swali moja kichwani: kifaa hiki kitapigana na adui gani? Muuzaji asiyeweza kukujibu, mwache uende kwa mwingine.