Filta ya Nyandungu

Wajukuu zangu wa Gatsata, hapa Kigali, ninyi hamhitaji kuambiwa filta ni nini. Mmekulia kwenye harufu ya oili. Mmemwona fundi amelala chini ya gari, anafungua kopo dogo jeusi, analiinamisha, na uchafu mzito unadondoka kama uji wa mkaa. Kisha anasema, "Hii imekufa, leteni nyingine." Kopo lile kazi yake ni kuzuia uchafu usifike kwenye injini. Likiziba, injini inaanza kulia.

Basi sogeeni. Leo nawasimulia filta yenye ukubwa wa hekta 121. Pangeni viwanja vya mpira ubavu kwa ubavu, mtafika kama 170. Ndani yake hamna karatasi wala springi. Kuna matope, mafunjo na vyura. Inaitwa Nyandungu, nayo iko ng'ambo ya pili ya mji, mashariki, njia ya kwenda Kabuga, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe.

"Babu, si ile bustani ambayo watu huenda kupiga picha za harusi?"

Ndiyo hiyohiyo. Picha pigeni, lakini mjue mmesimama juu ya nini.

Kigali ni mji wa vilima. Mvua ikinyesha, maji hayana subira: yanateremka kwa fujo yakibeba udongo, chupa, mafuta ya barabarani na kila kilichotupwa mitaroni. Huko chini, bondeni, ndipo palipo na igishanga, yaani kinamasi. Maji yakiingia kwenye mafunjo, yale mnayoyaita urufunzo, hukuta mashina maelfu yamesimama kama watu kwenye foleni ya basi Nyabugogo. Maji hayawezi kukimbia tena. Yakipunguza mwendo, udongo unazama chini. Mizizi nayo inanyonya sehemu ya mbolea na uchafu ulioyeyuka. Na kwa kuwa kinamasi hushika maji mengi na kuyaachia polepole, wanaokaa chini zaidi hawaamki usiku na kukuta vyungu vinaelea.

Lakini zamani watu wengi waliona kinamasi ni ardhi iliyolala bure. Hata mimi nilifikiri hivyo, sifichi. Nyandungu ikalimwa, ng'ombe wakalishwa humo, taka zikamwagwa. Ikawa kama filta ya gari ambalo mwenyewe hajalifanyia sevisi miaka kumi.

Mwaka 2016 ndipo kazi ya kuifufua ilipoanza. Ikapandwa miti 17,000, ya aina 55 za kienyeji. Hapo ndipo ninapowasifu zaidi waliopanda, kwa maana ingekuwa rahisi kujaza mikaratusi, ikaota haraka na kunyonya maji yote. Yakachimbwa mabwawa ambamo maji hupumzika kabla ya kuendelea na safari. Mwezi Julai 2022 milango ikafunguliwa kwa watu wote.

Leo ukiingia, utakuta karibu hekta 70 ni kinamasi na karibu 50 ni msitu. Njia za kutembea na za baiskeli zina urefu wa kama kilomita 10, kwa hiyo vaa viatu vya kweli, si kandambili. Aina za ndege zimehesabiwa zaidi ya 100. Mtafuteni mnana anayefuma kiota chake, na nyange mweupe, ambaye Kinyarwanda na Kiswahili vinakaribia kumwita jina moja. Kuna bustani ya mimea ya dawa. Nenda na bibi yako, hamtatoka mapema. Na kuna bustani yenye jina la Papa, kumbukumbu ya Yohane Paulo wa Pili aliyezuru Rwanda Septemba 1990.

Sasa turudi nyumbani, maana najua mnachotaka kuuliza. Filta yetu iko wapi?

Iko hapo chini, mtoni. Mto Nyabugogo unatoka Ziwa Muhazi, unapita Gatsata, unamwaga maji yake Nyabarongo. Nyabarongo inaingia Akagera, Akagera inaingia Ziwa Viktoria, na huko ndiko Nile inakoanzia safari ya kwenda Misri. Kinamasi cha Nyabugogo kilichoka. Magereji yalijengwa hadi ukingoni, na oili haijui kusimama mlangoni. Magereji yaliyokuwa kinamasini yalilazimika kuhama. Wapo waliolalamika, nami siwalaumu. Mtu ameijenga kazi yake pale kwa miaka mingi, kumwambia ahame si jambo dogo.

Mwaka 2024 Kigali ilianza kufufua vinamasi vingine vitano: Gikondo, Rwampara, Rugenge-Rwintare, Kibumba na chetu cha Nyabugogo. Jumla ni hekta 491, na chetu peke yake ni 131, kikubwa kuliko Nyandungu nzima. Fundi wa vinamasi alijifunzia kazi kule Nyandungu. Sasa anakuja kwetu na bisibisi yake.

Kesho mkipita gerejini, msalimieni fundi vizuri, kisha mwulizeni: ile oili chafu, huwa anaimwaga wapi?