Swichi ya Kubadilishia Mitambo

Fikiria kwamba wewe ni nahodha. Ni usiku, ukungu umetanda, na mbele yako kuna miamba. Utajuaje mahali ulipo?

Mwaka 1957 Marekani ilianza kuwaongoza mabaharia kwa njia iitwayo Loran-C. Vituo vya nchi kavu vilirusha mawimbi ya redio kutoka katika minara mirefu. Chombo kilichokuwa melini kilipima tofauti ya nyakati za kuwasili kwa mawimbi ya vituo mbalimbali. Kwa tofauti hizo nahodha alipata mistari katika ramani. Meli yake ilikuwa pale mistari ilipokatana.

Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, huenda meta 300. Kwa hiyo kosa dogo la wakati huweza kuipotosha meli.

Vituo vingi vilikuwa na mitambo miwili ya kurushia mawimbi. Mmoja ulifanya kazi, na wa pili ulikuwa wa akiba. Wa kwanza ulipoharibika, swichi iliutenga na mnara, kisha mtambo wa pili ukaunganishwa. Wahenga husema, "Akiba haiozi." Lakini je, swichi ikiwa mbovu, akiba hiyo itafaa nini?

Jaribio

Vifaa: ubao mdogo, misumari mitatu, kibanio cha karatasi cha chuma, betri mbili za tochi, glopu ya tochi, nyaya na mshumaa.

1. Pigilia misumari A, B na C katika mstari, sentimeta 2 kati ya msumari na msumari. Funga kibanio kwenye B, ili kiweze kugeuzwa kiguse A au C.
2. Unganisha A na kichwa cha betri ya kwanza, na C na kichwa cha betri ya pili.
3. Unganisha B na kitako cha glopu. Unganisha vitako vya betri zote mbili na ubavu wa glopu.
4. Geuza kibanio kiguse A, kisha C. Glopu huwaka mara zote mbili.
5. Paka nta ya mshumaa kwenye msumari C. Geuza tena kibanio kutoka A hadi C. Unaona nini?

Glopu haiwaki, ingawa betri ya pili ni nzima. Nta imezuia umeme. Kutu na uchafu huweza kuuzuia vivyo hivyo. Je, ungejua kosa hilo kama usingegeuza swichi?

Tahadhari: Usifanye jaribio hili kwa umeme wa nyumbani. Unaweza kukuua.

Marekani ilifunga vituo vyake vya Loran-C mwaka 2010, na siku hizi mabaharia wengi huongozwa na satelaiti. Hata hivyo, swichi za namna hii zingali zinatumika. Hospitali yenye jenereta huihitaji umeme unapokatika wakati mgonjwa anapasuliwa. Ndiyo sababu mafundi huijaribu swichi kabla ya siku ya haja.

Maswali

1. Kwa nini kituo kilihitaji mitambo miwili?
2. Betri mpya isiyowasha glopu ina ubovu gani? Eleza namna ya kuchunguza.