"Kama lilivyotumika": neno lijulikanalo mno katika swali la ufahamu

Katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza elimu ya msingi, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ufahamu huonekana kuwa sehemu nyepesi, kwa kuwa kifungu kimo mkononi mwa mtahiniwa. Hata hivyo, swali la msamiati huweza kumwangusha hata msomaji mzuri, tena kwa sababu neno lenyewe analijua mno.

Uchukuliwe mfano wa mtahiniwa wa darasa la saba katika kata ya Fukayosi, wilayani Bagamoyo, kwenye barabara iendayo Msata kupitia Kiwangwa, kunakosifika kwa mananasi. Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya ufafanuzi huu:

"Msiba ulikuwa bado mbichi wanunuzi walipofika shambani. Mama aliyatazama mananasi yaliyoiva, akawaambia warudi baada ya arobaini."

Neno "mbichi", kama lilivyotumika katika kifungu, lina maana gani?
A. usioiva
B. usiopikwa
C. uliotokea karibuni
D. usiokauka

Maana zote nne ni halali za kivumishi -bichi. Mtoto aliyekulia mashambani huvutwa na A, hasa kwa kuwa mananasi yanatajwa papo hapo. Kinachomwokoa kwanza ni upatanisho wa kisarufi: mananasi yangehitaji "mabichi", ilhali "mbichi" hapa inafuata "msiba". Lakini sarufi haitoshi kila mara. Lau mama huyo angekuwa mkulima wa ndizi, umbo lingekuwa lilelile "mbichi", kwa msiba na kwa ndizi, na mtahiniwa angelazimika kuuliza ni nini hasa kinachosemwa kuwa ni kibichi.

Jibu la hila zaidi ni D. Kidonda kibichi ni kile ambacho hakijakauka, na si vigumu kuufananisha msiba na kidonda. Anayechagua D amesoma kwa makini kuliko aliyechagua A; amekosa tu kuifuata sentensi hadi mwisho wake. "Arobaini" ni hesabu ya siku za maombolezo, nalo neno "bado" linaashiria muda. Kifungu kinapima ukaribu wa tukio, kwa hiyo jibu ni C. Ndiyo maana maneno "kama lilivyotumika" yana uzito kuliko neno linaloulizwa: yanamtaka mtahiniwa aache maana zote za kamusini isipokuwa ile inayobebwa na muktadha.

Kifungu hichohicho chaweza kuzaa swali jingine: kwa nini mama hakuuza mananasi siku hiyo? Chaguo "bei ilikuwa ndogo" litamnasa mtoto anayejua jinsi madalali wanavyopatana na wakulima, maana katika maisha anayoyaona hiyo ndiyo sababu ya kawaida. Kifungu hakitaji bei popote. Jibu, kwamba familia ilikuwa katika maombolezo, halikuandikwa waziwazi; linajengwa kwa kuunganisha "msiba" na "arobaini". Mtunzi mwadilifu hutanguliza "kwa mujibu wa kifungu". Asipofanya hivyo, humnyima alama mtoto kwa kosa la kuijua biashara ya kwao, na alama hizo ndizo hutazamwa anapochaguliwa kuingia kidato cha kwanza.