Ukigonjwa katikati ya matembezi: sema mapema, gari lingali karibu

Kiangazi kilichopita, kikundi cha watu karibu ishirini kutoka hapa Shituru kilikodi minibasi kwenda kutembelea ziwa Tshangalele na bwawa la Mwadingusha. Kulikuwa na kiongozi wa kutuonyesha njia, muziki, bukari na samaki. Nami nilikuwa ndani.

Mbele ya saa sita, mama mmoja wa miaka sitini na kitu akaanza kushika kichwa. Tulimuuliza. Akajibu: “Hapana wanangu, ni jua tu, itapita.” Kumbe ile asubuhi hakumeza dawa yake ya tansio, sababu inamfanya akojoe mara kwa mara. Aliona haya kusimamisha gari la watu kila saa.

Saa nane, mdomo ukapinda upande mmoja. Mkono wa kuume ukaanguka kama si wake.

Hapo ndipo tulipoteza muda. Dereva aliuliza nani atalipa mafuta ya kurudi. Wengine walisema tulipa pesa zetu, tumalize kwanza kutembea. Simu ya mama ilifungwa na namba ya siri, hatukuweza kuita watoto wake. Tuliingia Likasi giza likiwa limeshuka. Mama yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini mpaka leo ule mkono haushiki kijiko.

Kosa halikuwa la mama peke yake. Katika matembezi ya kikundi, mgonjwa anaona haya kuharibu siku ya wenzake. Na wenzake, kama hawakupatana mbele, wanaanza kubishana wakati wa kukimbia.

Mupatane nini mbele ya kuondoka?

Muulizeni kiongozi maswali matatu, na mbele ya kulipa: mtu akigonjwa, gari gani litamrudisha? Mafuta yatatoka wapi? Kituo cha afya cha karibu kiko wapi kwenye ile njia? Kiongozi asiyekuwa na jibu, bado hajatayarisha safari. Kila mtu anaweza kutoa kidogo ya akiba, ikibaki, inarudishwa.

Kama mnaenda mbali zaidi, maswali haya yana uzito kupita. Wengi wanapenda kuona maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 ndani ya mbuga ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970. Kule si mahali pa kumtoa mgonjwa haraka. Ulizeni pia kama simu inashika.

Wewe mwenye ugonjwa

Usiache dawa sababu ya safari. Kama inakusumbua njiani, uliza muganga wako siku chache mbele: pengine atabadilisha saa ya kumeza. Weka dawa katika mkoba wa mkononi, si chini ya mizigo, na chukua ya siku mbili tatu zaidi, sababu gari linaweza kuharibika.

Andika kwenye karatasi jina lako, ugonjwa wako, dawa zako, na namba za simu za watu wawili wa nyumbani. Mwambie mtu mmoja mahali karatasi iko. Kama unatunzwa na hospitali ya kampuni, beba kadi yako, na uliza mbele kama wanalipa ukitunzwa mahali pengine.

Wenzake wafanye nini?

Mdomo ukipinda, mkono au mguu ukiishiwa nguvu, au maneno yakivurugika, msingoje. Ni alama za damu kukosa njia kichwani au mshipa kupasuka. Tazameni saa ilipoanza, sababu muganga ataiuliza. Msimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza, hata ile ya tansio: anaweza kupaliwa. Akiwa hajitambui lakini anapumua, mlazeni upande, mmoja abaki naye, na mwende hospitali.

Mwenye ugonjwa wa sukari akitetemeka na kutoka jasho, na bado anaweza kumeza, apewe kinywaji cha sukari mara moja. Asipokuwa na akili zake, asitiwe kitu mdomoni.

Nyoka akimuuma mtu, msikate, msinyonye, msifunge kamba kwa nguvu. Mtoeni viatu, bangili na pete, atulie bila kutembea, apelekwe.

Na mtu akipata homa siku chache baada ya kurudi, asiseme ni uchovu wa njia. Apimwe malaria ile ile siku.

Juma lililopita nilipita kwa yule mama kumsalimia. Aliniambia: “Mwanangu, ningesema saa ile kichwa kilianza. Mungeninunia siku moja tu.” Ziwa lingali kule, na bwawa pia. Mtu anaweza kurudi kuyaona mwaka mwingine.